Spika Mbili za Ukoo Tofauti

Spika ile ilikufa mchana kweupe, katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Haikufa kwa kishindo. Ilikohoa, ikakwaruza kama kuku anayeparua bati, kisha ukumbini ukatanda moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua. Mpiga gitaa la solo, ambaye bendi na mtaa mzima walimwita Solo tu, aliendelea kupiga amefumba macho. Ni mpiga besi, kiongozi wa bendi, aliyemshika bega.

"Solo! Boksi lako linaungua!"

Wageni wa meza za mbele waliangua kicheko. Mwimbaji akaupokea wimbo kwa sauti tupu, bibi harusi akafika kitini pake salama, na Solo akabaki amesimama na gitaa lisilo na sauti, kama mtu aliyevuliwa shati hadharani.

"Nilikwambia punguza," kiongozi alimwambia walipokuwa wanakunja nyaya. "Mwaka mzima nakwambia punguza."

"Gitaa lilikuwa halisikiki."

"Halisikiki kwa nani?"

Solo aliinama kufunga mkoba wa gitaa. Zipu ilikuwa imeshafungwa, lakini aliendelea kuihangaikia mpaka mwenzake akaondoka.

Nyumbani kwake ufundi ulikuwa kibarazani. Upande mmoja mkewe alikuwa na cherehani yake na vitambaa vya wateja, upande wa pili binti yao alikuwa na meza ya redio na spika za watu. Binti huyo walimwita Sumaku tangu alipokuwa anatambaa, maana kila spika iliyokufa baba yake akaitupa uani, yeye aliinyofoa sumaku na kuzoa nayo pini za mama yake sakafuni. Pini zilimtuma kwenye sumaku, sumaku ikamtuma kwenye spika, na sasa ni mwanamke mzima, fundi, mwenye wateja wake. Hata msimamizi wa ukumbi alikuwa amempa ahadi: spika zote za ukumbi ule, zilizochoka na kukoroma, angezifufua yeye. Alikuwa anaisubiri kazi hiyo kama mtu anavyosubiri mvua baada ya kupanda.

Aliligeuza boksi la baba yake, akalifungua mgongo, akanusa.

"Kati ya hizi mbili, hii haiponi, baba. Koili imeungua yote. Na za aina hii hazitengenezwi tena."

"Basi tutafute mbili mpya, pacha."

"Kwa pesa ya nani?" mkewe aliuliza kutoka kwenye cherehani, bila ukali.

"Si lazima ziwe pacha," Sumaku alisema. Alivuta spika nyingine kutoka chini ya meza, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Hii yako iliyobaki ina kifua. Inanguruma vizuri, ila haina ulimi. Hii niliitoa kwenye boksi lililotupwa. Yenyewe ina ulimi, haina kifua. Nikizichanganya humo ndani, moja itazungumza pale nyenzake inaponyamaza."

Kiongozi wa bendi, aliyepita kuona hali ya mgonjwa, alishika kiuno. "Spika mbili za ukoo tofauti kwenye boksi moja? Hao ni wake wenza, mwanangu. Watagombana mpaka watuchomee ukumbi."

"Wanaogombana ni wanaofanana, shemeji," mke wa Solo alidakia. "Mimi ningefanana na huyu bwana wangu, nyumba hii ingekuwa na magitaa mawili bila sufuria hata moja."

Wakacheka wote. Solo naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuona meno ya wenzake.

Alipenda kumtazama binti yake akifanya kazi. Kwanza Sumaku alizipima zote mbili kwa mita, ahakikishe omu zake, yaani ukinzani wake kwa umeme, ni sawa, moja isije ikanywa umeme wote na kuiacha nyenzake na kiu. Halafu alizipigia moja moja kwa sauti ileile, amelaza sikio, aone kama moja haina makelele ya kuimeza nyingine. Mwisho alichukua betri ndogo, akaigusisha kwenye nyaya za spika ya kwanza. Karatasi yake iliruka mbele kidogo. Akaigusisha kwenye ya pili. Hiyo ilirudi nyuma.

"Umeona? Walioandika chanya na hasi kwenye hii walikuwa wamelala. Ningeziunga hivi, moja ingesukuma na nyingine ingevuta, zikalana, ukapata sauti kama ya ndani ya mtungi." Akazibadili nyaya, akagusa tena. Karatasi zote mbili ziliruka mbele kwa pamoja. Akatabasamu peke yake, tabasamu la kuzaliwa nalo.

Jioni walilijaribu. Solo alikaa kwenye kigoda, akapiga mistari michache. Jirani mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alisimama. Mkewe aliuinua mguu kwenye cherehani, akafumba macho. Solo alikisikia kifua, kizito na kitamu, kikimpanda kutoka sakafuni. Akausubiri ulimi. Haukuja.

"Vipi, baba? Ulimi unausikia?"

"Nausikia."

"Si mkali mno?"

Alimtazama usoni kulitafuta jibu. Aliona macho yenye furaha, akalichukua jibu humo.

"Uko sawasawa, mwanangu. Mungu akubarikie mikono."

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza kimyakimya, kama panya dukani. Kwanza ndege waliolala kwenye paa waliacha kuimba, akadhani wamehama. Halafu watu wakaanza kumumunya maneno. Siku moja mkewe alimwambia, "Nipe kisu." Akamuuliza, "Kitu gani?" "Kisu!" "Ndiyo, kitu gani?" Mkewe akamwangalia, akatabasamu kidogo, kisha akainuka akakichukua mwenyewe, na Solo akapata hasira kwa sababu hakujua nini kimechekesha au kama kuna kilichochekesha. Mtu aliyeishi kwa masikio yake tangu ujana atamwambia nani kwamba masikio yanamwacha? Alichofanya ni kuongeza sauti. Kila wiki kidogo, akijiambia kwamba ni vyombo vimezeeka.

Kwenye sherehe iliyofuata, bendi ilipoanza, alipiga wimbo wa kwanza akiusubiri ule ulimi ambao watu wote nyumbani waliufurahia. Hakuupata. Akanyoosha mkono nyuma, akakizungusha kidogo kidude cha amplifaya kinachoongeza ukali wa sauti nyembamba. Hakuona tofauti. Akakizungusha tena. Kwenye wimbo wa tatu kilikuwa kimefika mwisho wa safari yake.

Yeye aliona mambo kwa macho tu. Aliona mtoto kwenye meza ya mbele ameziba masikio kwa mikono miwili. Aliona bibi mmoja akiinua kiti chake akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliona mwimbaji, mwanamke mpole aliyeimba naye miaka mingi, akikunja uso kama aliyeuma ndimu. Hakuyaunganisha mpaka kiongozi aliposimamisha muziki na kusema tuwapumzishe wageni, wapate chakula.

Walimzunguka nyuma ya jukwaa. Msimamizi wa ukumbi alikuwepo pia, kidole chake bado sikioni.

"Hilo gitaa linatoboa watu," mwimbaji alisema. "Linatoboa, Solo. Kama sindano."

"Ni ile spika," kiongozi alisema. "Nilisema mimi. Mchanganyiko ule. Sauti ya boksi hili ilikuwa nzuri miaka yote, leo limewekwa kiraka ndiyo limekuwa msumeno."

Kisha wote wakamtazama yeye. Ilikuwa ni nafasi ndogo tu, kama ya kupitisha uzi tunduni. Angeweza kusema, nimekizungusha mimi. Angeweza hata kunyamaza.

"Labda ni hiyo spika," Solo alisema. "Yule bado anajifunza."

Msimamizi akatikisa kichwa taratibu. "Basi vizuri nimejua mapema. Mimi nilikuwa nampa spika za ukumbi mzima huyo binti yako."

Kiongozi alimwambia apumzike siku hiyo. Kijana wa gitaa la pili angeshika solo mpaka boksi litakapotengenezwa na mtu anayejua. Solo alikaa kwenye kiti cha plastiki jikoni mwa ukumbi, akala sahani aliyoletewa, na hakujua alichokula.

Habari mbaya hazina haja ya nauli. Kesho yake Sumaku alikuwa ameshazipata. Aliliburuta boksi hadi katikati ya kibaraza, akalifungua upya, akakaa chini mbele yake miguu amekunja kama anayetaka kuliomba msamaha.

Aliipima mita yake kwanza, kama ni mbovu. Akazipima spika. Akarudia betri. Akabadilisha nyaya zilizokuwa nzima. Akaitoa spika ya ulimi, akaibandika kitambaa mbele ipoe ukali, akairudisha. Kila alipobadili kitu alimwita baba yake.

"Sasa hivi ni kali au butu?"

"Kali kidogo," Solo alikisia.

"Na sasa?"

"Afadhali."

"Baba, sasa ndiyo nimerudisha ilivyokuwa."

"Basi labda nilichanganya."

Mteja alikuja kuchukua redio yake, haijaguswa. Aliiweka kwapani, akasema atarudi wakati mwingine, "ukiwa umetulia, fundi." Alilitamka lile neno fundi kwa upole mwingi mno. Sumaku aliitikia "Sawa, karibu tena," akainama kwenye boksi lake, na Solo akamwona akiikaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Aliingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe alimfuata na shati la mteja mkononi, sindano imening'inia kwenye uzi. Alizunguka kitanda akaja kusimama mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, uso kwa uso.

"Baba Sumaku. Mpaka lini?"

"Mpaka lini nini?"

"Mpaka lini mtoto atafute kosa ambalo halimo kwenye boksi?"

Akataka kufoka. Badala yake akauliza:

"Umejua tangu lini?"

"Siku ile birika lilichemka likapiga mluzi mpaka majirani wakauliza, na wewe umekaa ubavuni mwake unasafisha gitaa." Mkewe alikaa, lakini alijigeuza ili midomo yake ionekane. "Tangu hapo mimi siongei na wewe kutoka nyuma. Hujaona? Naacha kazi, nazunguka, nakuja mbele yako ndipo naongea."

Solo hakuwa ameona. Alidhani ni mapenzi ya uzeeni, kwamba mkewe siku hizi hupenda kumkaribia akizungumza. Sasa alitambua kwamba alikuwa amekisia vizuri, ila hakujua yalivyokuwa makubwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa unajificha, na mtu anayejificha humvutii shuka. Nikasema atatoka mwenyewe. Mimi kukufichia si kazi, mume wangu. Ningekufichia mpaka kaburini. Lakini umemwachia mtoto alipe, na hilo sitakufichia." Akaukata uzi kwa meno, akainuka. "Yuko pale nje. Hajala tangu asubuhi."

Solo alitoka. Sumaku alikuwa ameshika bisibisi mdomoni.

"Liache hilo boksi, mwanangu."

"Nimekaribia, baba. Nadhani ni mbao, labda upande huu unatikisika..."

"Kosa halimo humo. Washa tu. Mimi nitakupa mgongo. Wewe piga noti moja, ileile, na uzungushe ule ukali unavyotaka. Nitakuambia ukibadilika."

Aliugeukia ukuta. Sumaku hakuelewa, lakini alipiga. Noti ilimjia Solo mgongoni, nzito na ya duara. Akasubiri. Noti ikaja tena, ileile. Ikaja tena. Akahesabu matofali ya ukuta. Mwishowe akauliza, "Hujaanza?"

Alipogeuka alimwona mkewe mlangoni ameziba sikio kwa kiganja, na Sumaku ameshika kile kidude, vidole vyeupe kwa kubana. Kilikuwa kimefika mwisho.

"Nimefungua wote, baba," Sumaku alisema, na Solo aliyasoma maneno hayo mdomoni mwake kuliko kuyasikia. "Nimefungua wote na nikafunga wote. Mara nyingi."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mama yako alifumba macho. Jirani alisimama na ndoo kichwani. Mimi ndiye sikuwa mahali pale."

Alitegemea machozi, au kukumbatiwa. Sumaku alizima amplifaya, akaizungusha waya mkononi polepole.

"Ukawaambia ni spika," alisema. "Ukawaambia bado najifunza."

"Nilisema."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna. Walinitazama tu."

Sumaku alivaa viatu, akatoka getini. Kwenye chakula cha jioni hakuwepo, alikula kwa rafiki yake. Aliporudi alisalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, shikamoo baba, akaingia kulala. Ile heshima ilimuumiza Solo kuliko matusi. Asubuhi alimkuta kibarazani akiirudishia spika yake ya ulimi, bila kile kitambaa, skrubu moja baada ya nyingine.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," Sumaku alisema bila kuinua kichwa, kisha akakumbuka, akainua uso na kuyarudia maneno akimtazama. "Hospitali. Mimi na wewe. Si kujadiliana."

"Sijadiliani."

"Na leo bendi inafanya mazoezi."

"Najua. Nilikuwa nakuja kukuomba unisaidie kulibeba boksi." Akasita. "Si kulibeba tu. Nataka uwepo nikisema."

Walilisukuma kwa mkokoteni wa kukodi, baba mbele, binti nyuma, kwenye jua la mchana. Kwenye kona yenye shimo boksi liliinama, wote wawili wakalidaka kwa pamoja, na mikono yao ikakaa juu yake kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ukumbini kijana wa gitaa la pili alikuwa anafanya mazoezi ya mistari ya Solo. Aliposimama kumpisha, Solo alimwashiria akae. Msimamizi wa ukumbi alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa.

"Na wewe shuka usikie, tafadhali," Solo alimwambia. "Halitanichukua muda."

Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yalimtoroka.

"Masikio yangu yamekufa upande wa juu," alisema. "Sauti nyembamba sizipati. Ndege, mluzi, huyu dada akiimba yale maneno yenye sss, sizipati. Ule ukali niliuzungusha mimi, mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa siusikii. Spika haina kosa. Binti yangu hana kosa. Nilimsingizia, na yeye hakuwepo, na yeye ni mtoto wangu."

Mwimbaji alishika mdomo. Kiongozi aliliangalia besi lake kama vile lilikuwa na la kusema.

"Sasa utapigaje usichokisikia?" aliuliza mwisho, na haikuwa kwa dharau.

"Vidole vinajua. Sauti ya nje ataipanga huyu binti yangu. Mimi kile kidude sikigusi tena." Solo alipiga hatua mbali na amplifaya, akasimama upande wa pili, akaiacha nafasi wazi. "Nikishindwa, huyu kijana ashike solo, mimi nitapiga ridhimu. Sitanuna."

Sumaku alipita mbele ya wanaume wale, akachuchumaa. Hakuwa na haraka. Alienda hadi katikati ya ukumbi, akasikiliza, akarudi, akazungusha kidogo. Akaenda hadi kwenye viti vya nyuma, akarudi. Aliliinamisha boksi kwa kipande cha mbao chini, likaelekea juu kidogo. Msimamizi, ambaye aliteremka na taa mkononi, alimfuata kwa macho kila anakokwenda.

"Haya," Sumaku alisema, akampa baba yake ishara ya kidole.

Walipiga. Solo alipata kifua chote, na besi chini yake, na ngoma kwenye nyayo. Lililobaki alilipiga kwa kuamini, kama mtu anayeshuka ngazi gizani ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Aliwatazama watu. Aliona mabega ya kiongozi yakilegea. Aliona mwimbaji akisogea karibu na boksi badala ya kulikimbia. Aliona msimamizi ameegemea ngazi, taa ameisahau mkononi, kisha akimwendea Sumaku, akimwonyesha spika za ukumbi na kumwinamia sikioni, na Sumaku akiitikia kwa kichwa, mara mbili, uso umefunguka.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyesema kitu, au labda walisema. Solo alisubiri, gitaa limemning'inia, mikono haijui pa kwenda.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

Kiongozi alikohoa. "Ah, tamu sana, mzee. Tamu kweli."

Lakini Solo alikuwa anamtazama binti yake. Sumaku alikuja mpaka mbele yake, kwenye mwanga, akasimama uso kwa uso kama mama yake anavyosimama, na hakupaza sauti.

"Ilikuwa nzuri, baba. Umekosea mahali pamoja."

"Wapi?"

Bendi nzima ikamjibu kwa mpigo, kila mtu akiliimba kosa hilo la Solo kwa namna yake, na Solo, ambaye kwa mwaka mzima hakukubali kurekebishwa na mtu, akaanza kucheka, akaomba warudie mwanzo.